Kivuli cha Ufagio

Mwalimu Kwamboka hakuwa na maabara.
Alikuwa na ufunguo wa paa, nao wa kuazima
kwa Kitheka, keateka, aliyetuhesabu tukipanda
na kutuhesabu tukishuka,
asije mtu akaondoka na shuka za watu.

Shule yetu ni ghorofa ya pili na ya tatu
za jengo la ghorofa nane, Pipeline.
Chini bucha, juu wapangaji,
juu kabisa matangi na kamba za nguo.
Hapo ndipo tulipoanzia fizikia.

Mpini wa ufagio, uliokatwa kwa msumeno wa bucha
ukawa mita moja, si unywele zaidi.
Kopo la rangi lililojazwa saruji.
Uzi wenye nati, wa kuuambia mpini
usimame wima, usisinzie kama bawabu.
Chaki. Rula ya Hillow, yenye alama za meno.

"Jua la utosi," akasema mwalimu. "Mnalitaja kila siku.
Nani amewahi kulipima?"
Tukacheka. Nani hupima msemo?

Saa sita kengele ililia
na kivuli kikaendelea kufupika, kama hakijasikia.
Kilitulia saa sita na dakika arobaini na kitu.
Mutheu akatazama saa yake, akatazama juu.
"Kwa hiyo saa inadanganya?"
"Saa ni mapatano," mwalimu akamjibu.
"Kivuli hakikuja kwenye mkutano."

Machi, tarehe kumi: milimita arobaini na nane, kaskazini.
Kumi na mbili: thelathini na nne.
Kumi na tatu mtu alianika blanketi, hatukupata kitu.
Kumi na nne: ishirini na moja, au ishirini.
Tuligombana mpaka darasa la Kiswahili.
Kumi na sita: saba,
kijivuli chenye ukingo wa ukungu,
kisichojua kinaishia wapi.

Kumi na saba tulipanda wote,
hata watoto wa gredi ya sita,
hata Kitheka, mikono nyuma, akijifanya anakagua matangi.
Wingu likatoka upande wa Ngong,
likajilaza juu ya Embakasi kama ng'ombe aliyeshiba.
Kisha matone, makubwa, ya kwanza mwaka huo.
Wanawake wakapanda ngazi mbio.
Saa sita na dakika arobaini na moja,
dakika tuliyoingojea wiki nzima,
nilikuwa nimekumbatia mashuka ya mtu nisiyemjua.

Kumi na nane, wingu.
Kumi na tisa, jua: milimita kumi na nne.
Lakini kusini.
Kivuli kilikuwa kimevuka.
Kilipita mguuni pa ufagio sisi tukianua nguo.

"Tumefeli," akasema Hillow.
Mwalimu hakusema kitu. Alitandaza karatasi ya grafu
juu ya kifuniko cha tangi:
kaskazini juu ya sifuri, kusini chini yake.
Nukta moja, nukta ya pili, ile tuliyogombania,
kisha rula yenye meno.
Mstari ukashuka, ukapita katikati ya mvua
bila kulowa,
ukaikata sifuri tarehe kumi na saba.
Hatukuiona. Mstari uliiona.

Jioni nikaipeleka grafu nyumbani,
chumba cha chini, mtaa wa pili,
ambako taa huwaka mchana
na uani pana upana wa kitanda.
Nikamweleza mama: kaskazini, kusini, sifuri.
Alisikiliza, mtoto mgongoni, mwiko mkononi.
"Ni siku zile ninazomtoa huyu nje," akasema.
"Mwezi wa tatu jua hushuka mpaka kwenye bomba,
linakaa kidogo, linajirudia zake.
Mwezi wa tisa tena.
Hukuniuliza."

Nikatafuta penseli.
"Mwezi wa tisa, tarehe ngapi?"
Akafikiri, akamvuta mtoto juu kidogo,
akafunika sufuria.
"Mwenye ufagio ni wewe."